Mtutu unashika madini: je, niifanye risasi iwe ngumu zaidi?

*"Fundi, habari za kazi. Ninamiliki kwa kibali bunduki ya zamani aina ya Lee-Enfield ya .303, na kwa mwaka mmoja sasa ninasubu risasi zangu mwenyewe, zile za kuvishwa kikombe cha shaba kitakoni. Tano za kwanza huenda vizuri, lakini nikifika ya kumi na tano zimeshatawanyika bango zima. Nikisafisha mtutu natoa vipande vya kijivu, vyembamba kama karatasi ya sigara. Niliambiwa madini yangu ni laini, nikaongeza bati. Kisha nikaanza kuzidondosha kwenye ndoo ya maji zikiwa bado za moto ili zikaze. Hali imezidi kuharibika. Kipimo nazishusha, kwa kuzipitisha kwenye tundu la chuma, hadi inchi 0.311, sawa na risasi za dukani, na rafiki yangu anasema kikombe kikishakuwepo kipimo si hoja. Niongeze ugumu, nipunguze baruti, au niache kabisa? Kazi naifanya jikoni usiku watoto wakiwa wamelala, dirisha liko wazi. Mke wangu hapendi, ingawa nimemweleza kwamba hakuna moshi wa kutisha."*

Ndugu yangu, kabla ya mtutu nikuombe jambo moja: leo usiku usiwashe hilo jiko. Ulilitaja jiko mwishoni, kama mtu anayefunga barua, lakini kwangu ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Mkeo ana haki. Nitalirudia kwa kirefu nikishamaliza la bunduki, kwa sababu najua usipojibiwa la bunduki hutasoma hilo lingine kwa utulivu.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kiswahili chetu kinaita risasi kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu na pia metali iliyokizaa. Hapa nikisema risasi namaanisha kile kinachoruka, na nikisema madini namaanisha metali tunayoiyeyusha.

Unachokiona kwenye mtutu wako kina jina moja tu, mtutu umeshika madini, lakini chanzo chake si kimoja. Wengi wanaamini kinatokea kwa sababu risasi ni laini, inasuguliwa na chuma kama sabuni kwenye mbao. Dhana hii ina sehemu ndogo ya ukweli, na kwa hiyo ndiyo imewapoteza watu wengi. Kwa kawaida kinachotokea ni hiki: baruti inapoungua hutoa gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2000 za Selsiasi, ikisukuma kwa nguvu kubwa mno. Madini yako yanayeyuka kwenye nyuzi 327 tu yakiwa safi, na mchanganyiko wenye bati na antimoni huanza kulainika hata chini ya hapo. Risasi ikiacha upenyo kati yake na ukuta wa mtutu, gesi hiyo hupita pembeni kama moto wa kuchomea vyuma, ikikwangua ubavu wa risasi na kuyapaka yale madini yaliyoyeyuka kwenye chuma kilicho mbele yake. Risasi inayofuata inapita juu ya mpako huo, nayo inaongeza wake. Ndiyo maana tano zako za kwanza ni nzuri na ya kumi na tano haina adabu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama risasi inaujaza mtutu. Ugumu unakuja baada ya hapo.

Na hapa ndipo nadhani tatizo lako lilipo. Umechukua inchi 0.311 kwa sababu ndicho kipimo cha risasi za dukani. Risasi ya dukani imevikwa shaba, na shaba haiyeyuki hadi nyuzi 1085. Hata ikipwaya kidogo, gesi haiimalizi kama inavyoimaliza yako. Isitoshe, Lee-Enfield zina sifa inayojulikana kwa kila fundi aliyezishika: mitutu yake haifanani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingine katikati ya vita kwa haraka, na kipimo cha mifereji yake, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, hukutwa kuanzia 0.311 hadi kupita 0.315. Tuseme wako ni 0.314. Pengo lako ni elfu tatu za inchi, pungufu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kwa jicho si kitu, lakini kwa gesi ya moto ni mlango mpana.

Sasa tazama ulichokifanya kwa nia njema. Risasi laini, ikisukumwa kwa nyuma na gesi, hutanuka kidogo kitakoni na kujaribu kuziba pengo yenyewe. Ulipoidondosha kwenye maji uliinyima uwezo huo. Risasi ndogo iliyo ngumu ni mbaya kuliko risasi ndogo iliyo laini, na ndiyo maana mambo yalizidi kuharibika badala ya kutengemaa. Mtutu wako ulikuwa unakwambia ukweli tangu mwanzo.

Na bati halikufanyii kazi uliyolituma. Bati husaidia madini yajaze kila kona ya kalibu na kutoa risasi yenye kingo kali, na asilimia mbili hivi zinatosha. Ugumu huletwa zaidi na antimoni. Mchanganyiko unaotajwa sana kwa bunduki za namna hii una madini asilimia 90, bati 5 na antimoni 5, nao una ugumu wa takriban 15 kwa kipimo cha Brinell, wakati madini matupu yako karibu na 5. Maji ya ndoo nayo hukaza tu mchanganyiko wenye antimoni, hasa ukiwa na chembe ya aseniki. Madini matupu hata ukiyadondosha kwenye barafu yatabaki yale yale. Kwa kasi za wastani, ugumu wa 12 hadi 15 unakutosha kabisa, na huhitaji ndoo.

Nije kwenye kikombe cha shaba, kile ambacho wenyewe huita gesicheki, maana rafiki yako amekikabidhi kazi isiyo yake. Kikombe hulinda kitako cha risasi kisiunguzwe, hushika mifereji ili risasi isiteleze bila kuzunguka, na hukwangua mabaki kidogo njiani. Bila kikombe, mafundi wengi hukomea karibu na mita 430 kwa sekunde. Kukiwa na kikombe, mita 550 hadi 600 zinafikika kwa usahihi mzuri. Lakini kikombe hubanwa kwenye tundu lile lile linaloishusha risasi kipimo. Umeishusha hadi 0.311, basi na kikombe ni 0.311. Pengo linalopitisha gesi kando ya risasi linaipitisha kando ya kikombe pia. Hakizibi tundu ambalo hakilifikii.

Jambo moja zaidi kuhusu kitako, kwa sababu naliona likidharauliwa sana. Mmarekani Franklin Mann alichapisha mwaka 1909 matokeo ya majaribio ya miaka mingi, akaonyesha kwamba risasi yenye pua iliyoharibiwa bado hulenga vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila yenye kitako kilichoharibiwa hupotea. Kitako ndicho cha mwisho kuagana na mtutu, na gesi ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine huisukuma risasi kombo. Basi kagua vikombe vyako. Kimekaa sawa, au kimeinama upande mmoja? Kimebanwa, au unaweza kukichomoa kwa kucha? Mdomo wa ganda, kile kikopo kinachobeba baruti, umeutanua kidogo kabla ya kuiweka risasi, au unaikwangua ubavu inapoingia? Ukiona uzi mwembamba wa madini umejikunja kwenye mdomo wa ganda, tayari umeiharibu risasi kabla hujaipiga. Tena angalia kikombe kisizame kupita shingo ya ganda na kuning'inia kwenye nafasi ya baruti, maana kinaweza kuchomoka humo, na hilo si la kuchezea.

Usinunue chochote kabla hujapima. Safisha mtutu hadi kwenye chuma. Mabaki ya madini na ya shaba yote yaondoke, kwa brashi ya shaba na nyuzi za shaba zilizozungushwa juu yake. Kuna watu wanachanganya siki na maji ya oksijeni na kuyamwaga ndani ya mtutu. Usithubutu, kwa sababu mchanganyiko huo huzalisha chumvi ya madini yenye sumu inayoingia mwilini kirahisi, na pia unakula chuma. Wala usipige risasi za dukani ukidhani zitausafisha. Unazilazimisha zipite kwenye njia iliyokwisha kuzibwa.

Mtutu ukiwa safi na una mafuta kidogo, bunduki ikiwa tupu na komeo limetolewa, chukua kipande cha madini matupu kinene kidogo kuliko mtutu, ukisukume taratibu kwa fimbo ya shaba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kitatoka kimechorwa alama za mifereji na matuta. Hapo ndipo mitego ya Lee-Enfield inaanza. Nyingi zina mifereji mitano, kwa hiyo mkabala wa kila mfereji kuna tuta, na mikromita ya kawaida itakupa kipimo kidogo kuliko kilicho kweli. Nashuku wengi waliojiaminisha kwamba mtutu wao ni 0.311 walianguka hapa. Kizungushie kipande chako ukanda mwembamba wa chuma ambao unene wake unaujua, upime, kisha utoe unene huo mara mbili. Kama huna mkono wa kazi hiyo, mpelekee fundi bunduki, ni kazi ya dakika chache. Kama wako ni mmoja wa ile ya wakati wa vita yenye mifereji miwili, umerahisishiwa.

Ukishapata kipimo, risasi yako iwe kubwa kukizidi kwa elfu moja hadi mbili za inchi. Mtutu wa 0.314 unataka risasi ya 0.315 au 0.316. Pima na risasi zinavyotoka kwenye kalibu kabla ya kuzishusha. Huenda kalibu yako inatoa 0.316 nzuri kabisa, nawe umekuwa ukiiharibu kwa tundu dogo. Katika hali hiyo dawa ni tundu la kipimo kikubwa zaidi, basi. Kama kalibu yenyewe inatoa ndogo, una njia mbili za kweli: kutafuta kalibu kubwa, au kuzipaka risasi rangi ya unga ile ya kuokwa, ambayo huongeza takriban elfu mbili za inchi na kuziba ubavu dhidi ya gesi. Huokwa kwenye nyuzi karibu 200 kwa dakika 20 hivi. Naipenda njia hiyo, ila tanuri litakalotumika lisiguse chakula tena maishani mwake.

Kuna tahadhari hapa ambayo nakusihi usiipite haraka. Risasi nene zaidi hufanya shingo ya ganda kuwa nene zaidi, na shingo hiyo lazima ipate nafasi ya kufunguka ndani ya bunduki inapopigwa. Ikikosa, nguvu ya gesi hupanda ghafla hadi mahali pa hatari. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ambalo hujalirekebisha, ujaribu kuingiza risasi mpya shingoni kwa vidole. Ikiingia bila kulazimisha, nafasi ipo. Ikikataa, simama, hiyo risasi ni kubwa mno kwa chumba cha bunduki yako, pale ganda linapokaa.

Mafuta ya risasi nayo yana ushahidi wake. Mabaki yakiwa mengi karibu na koo la mtutu, pale risasi inapoingilia, mlaumu ukubwa wa risasi. Yakianza karibu na mdomo wa mtutu, mara nyingi mafuta yameisha njiani. Nta ya nyuki iliyochanganywa nusu kwa nusu na Alox, mafuta ya kiwandani ya kulainishia, imefanya kazi kwa miaka mingi, nami sioni sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo. Lee-Enfield za zamani pia zilipigwa kwa baruti ya kordaiti, ambayo ilikula koo za mitutu mingi. Ukiona koo limechakaa sana, hakuna risasi itakayolirudisha.

Umeuliza kama upunguze baruti. Sikupi kipimo cha baruti hapa, na usikichukue kwa mtu yeyote aliyekiandika kwa kumbukumbu. Tumia majedwali yaliyochapishwa na watengenezaji wa baruti au wa kalibu, kwa risasi za kusubu za uzito huo huo na baruti ya jina hilo hilo. Jedwali la risasi zilizovikwa shaba si la kwako. Usidhani pia kwamba pungufu ni salama siku zote, kwa kuwa kuna baruti za polepole ambazo zikiwekwa chini ya kiwango cha chini zinaweza kuleta msukumo usiotabirika. Zile za haraka, zinazopendwa kwa risasi za kusubu, hukaa kidogo sana ndani ya ganda la .303, kiasi kwamba ukisahau na kumimina mara mbili, bado halijajaa na hutagundua kwa uzito wa mkono. Mulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kuweka risasi. Na usiifukuzie kasi ya risasi ya jeshi, ile ya mita 744 kwa sekunde. Yako haikuumbwa kwa hilo, na shabaha haijui tofauti.

Mahali pa kusimama mara moja ni hapa. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, usipige nyingine. Fungua, toa komeo, tazama ndani ya mtutu kama kuna risasi iliyokwama au kikombe kilichobaki. Komeo likiwa zito kufunguka, fataki, ile ya kitakoni mwa ganda inayowasha baruti, ikiwa imetoboka, au ganda likiwa na ufa wa mviringo karibu na kitako, bunduki iende kwa fundi kabla ya kupigwa tena. Uulize pia mamlaka inayotoa vibali, maana nchi nyingi hutenganisha kibali cha kumiliki bunduki na kile cha kutengeneza risasi zake.

Sasa turudi jikoni.

Ulimwambia mkeo kwamba hakuna moshi wa kutisha, na kwa upande wa moshi hukumdanganya. Kwenye nyuzi 370 hadi 400, ambazo ndizo za kusubu, madini hutoa mvuke kidogo sana, na mvuke unaanza kuwa tishio kubwa joto likikaribia nyuzi 500. Dirisha lako linasaidia kwa hilo. Lakini sumu hii mara nyingi hupitia mdomoni, si puani. Zile taka za kijivu unazokwangua juu ya sufuria ni unga wa madini uliooza kwa hewa, mwepesi, unaotua kwenye meza, sakafuni, kwenye nguo zako, kwenye kitasa cha mlango. Asubuhi mtoto anatambaa hapo au anaokota mkate hapo. Wewe umelala, yeye anakula kazi yako ya usiku. Vumbi la kusafishia maganda yaliyopigwa ni baya vile vile, kwa kuwa fataki nyingi zina madini haya ndani yake.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtu akifikia mikrogramu 5 kwa desilita. Kwa mtoto, madhara huenda kwenye ubongo unaokua, na yanaweza kuwepo bila dalili yoyote ya nje. Kwa mama mjamzito, madini huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Kwenye damu hupungua kwa wiki na miezi, ila kwenye mifupa hukaa miaka mingi. Kwa hiyo wiki hii wapeleke watoto wote hospitali, wewe na mkeo pia, muombe kipimo cha madini ya risasi kwenye damu. Mwambie daktari wazi unachofanya na tangu lini. Usisubiri mtu aumwe tumbo au kichwa, na usiwape dawa ya kienyeji ya kutoa sumu. Matibabu yapo, na ni ya daktari.

Jikoni pasafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, si kwa ufagio, ambao unalirusha vumbi upya. Sufuria na upawa uliotumia visirudi kwenye chakula, hata ukivisugua siku nzima. Kama utaendelea, iwe nje au kwenye banda lenye hewa, mbali na mahali watoto wanapocheza, ukiwa na viatu na nguo za kazi hiyo tu, zifuliwe peke yake, na usile wala kuvuta sigara hadi umenawa kwa sabuni. Taka za juu ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Madini ya betri za magari usiyaguse kabisa, kwa kuwa taka zake zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi zinazoua.

Na ile ndoo ya maji kando ya madini yaliyoyeyuka, iondoe. Tone likizama chini ya uso wa madini hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1600 papo hapo, na sufuria nzima inaruka. Nimeona kipande kimoja chenye unyevu, kilichotupwa kwenye sufuria bila kupashwa kwanza, kikilipaka dari madini. Aliyekitupa alikuwa amevaa miwani ya kazi, na bado anaona.

Kwa hiyo usiache, ila usimame kwanza. Majibu ya damu yakishatoka, pima mtutu, kisha niandikie vipimo vitatu: mifereji, risasi inavyotoka kwenye kalibu, na shingo ya ganda lililopigwa. Nikiviona hivyo, nitakwambia ni tundu la ukubwa gani linakufaa.